Vitundu vya Kutolea Pumzi

Barakoa zilikuwa tatu, na mzee Lusubilo alizichukia zote sawasawa bila upendeleo.

Ya kwanza ilifunika pua na mdomo. Ya pili ilifunika pua peke yake. Ya tatu ilikuwa na vibomba viwili vifupi vya mpira laini vya kupachika puani, na mzee alipoiona alisema hata ng'ombe wake hajawahi kuwatia kitu puani, sembuse yeye. Hospitali kubwa ya Mbeya walimpa zote kwa wiki moja azijaribu, achague inayomkaa vizuri, mbili azirudishe. Mashine yenyewe ya kusukuma hewa ilikuwa chumbani kwake kijijini Mbebe, juu ya kigoda kando ya kitanda. Aliinunua mwanawe Sadoki, mwenye duka la vipuri Tunduma.

Daktari alikuwa amemweleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Akilala, koo linalegea na kuziba. Pumzi inakatika kwa sekunde ishirini, thelathini, kisha anashtuka na kuvuta hewa kwa kishindo. Watu wa Mbebe walikiita kukoroma na kukifanyia utani miaka yote, kumbe kipimo kilionyesha kwamba pumzi yake ilikuwa ikikatika mara arobaini kwa saa moja. Na moyo ulikuwa umeanza kuvimba.

"Usipovaa, mzee wangu," daktari alisema, "siku moja pumzi itakatika na haitarudi." Kisha akauliza, kalamu mkononi, "Kwenye familia yenu yupo aliyewahi kufa usingizini?"

Sadoki alikuwa ametoka nje kupokea simu.

"Hapana," Lusubilo akajibu.

Alikuwapo. Aliko, mtoto wake wa kwanza, mwenye shingo nene kama ya baba yake na mkoromo uliopita kuta mbili, alilala mzima na kukutwa asubuhi amekufa. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Baada ya mazishi ukoo ulikaa kikao uani kwa mzee, na Dina, mdogo wake Lusubilo, mwanamke asiyejua kumung'unya maneno, alimgeukia mjane mbele ya watu wote. Mtu analala mzima anaamka maiti, wewe uliyelala naye hukusikia kitu? Ulimpa nini jioni ile? Jenista, mke wa Aliko, akasema hakumpa kitu, na hakusikia kitu. Watu wote wakamtazama Lusubilo, kwa sababu kikao kilikuwa chake na neno la mwisho lilikuwa lake. Neno moja tu lingemwokoa yule binti.

Lusubilo alinyamaza.

Ilikuwa imepita miaka minne. Jenista, aliyebaki hapo nyumbani na binti yake Brenda, alikuwa muuguzi wa zahanati, na wanawake wa Mbebe walimletea watoto wao awachome sindano, wakamshukuru na kumwita sista. Lakini chakula kilichopikwa na mkono wake hawakukigusa. Kwenye harusi na misiba alipewa kuosha vyombo. Mzee aliyaona hayo yote, na kila alipoyaona aligeuza uso.

Na kugeuza uso kulikuwa rahisi kwake, kwa kuwa mila ilimruhusu. Nyumba nyingi za milimani Ileje zimekwisha kuiacha, ila nyumba ya Lusubilo iliishika: mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye ana kwa ana, wala hatamki jina lake. Jina lenyewe kwa lugha ya nyumbani maana yake ni tumaini, hivyo kanisani wimbo ukifika kwenye neno hilo Jenista alifumba mdomo, akawaacha wenzake walitaje. Majirani walicheka kwamba sista amekwisha kuchunguza mwili wa kila mtu kata nzima isipokuwa mmoja. Lusubilo alipokea heshima hiyo kwa miaka kumi na saba, na minne ya mwisho aliitumia kama mahali pa kujificha. Alijua hivyo. Kujua hakukumfanya atoke.

Kwa hiyo kazi ya kumvisha barakoa ilimwangukia mkewe, Tukuswiga, mama mwenye mikono iliyozoea kuchuma kahawa na kushika jembe. Tukuswiga alikaza mikanda kama anafunga mzigo wa kuni. Siku tatu zikapita. Mzee aliamka na michubuko puani, amelowa jasho, kichwa kikimgonga. Kila alipovaa aliona anazama. Alhamisi baada ya chakula cha mchana, akijaribu tena kujilaza nayo, aliing'oa na kuitupa miguuni.

"Zifunge kwenye mfuko," alimwambia mkewe. "Sadoki akija azirudishe zote. Kama ni kufa, nitakufa nikiwa navuta hewa ya Mungu."

Nje ya pazia la mlango sauti ya Jenista ilisema, "Mama, naomba umwambie baba asizirudishe."

"Anasema usizirudishe," Tukuswiga alisema.

"Nimesikia. Mwambie zinaniziba."

"Anasema zinamziba."

Sauti ikasogea karibu na pazia. "Mama, muulize, pumzi inagoma kuingia au inagoma kutoka?"

Hilo hakuna aliyekuwa amemuuliza. Lusubilo alifikiri, na kwa sababu lilikuwa swali zuri alisahau kumpitishia mkewe jibu. "Kutoka," akasema. "Kuingia inaingia. Kutoka ndiyo kazi."

"Mama, barakoa ina vitundu vidogo kwa mbele. Hewa inatoka hapo?"

"Vile vilivyokuwa vinavuja?" Tukuswiga alisema kwa fahari kidogo. "Nilishaviziba vyote siku ya kwanza. Kwa ile plasta uliyonipa ya kidole."

Pazia likavutwa kwa nguvu. Jenista aliingia na vazi lake la zahanati, na hakuinamisha kichwa. Akaokota barakoa miguuni pa mzee, akabandua plasta kwa kucha, akachukua na ile nyingine, akabandua na ya kwake.

"Hivi ndivyo vya kutolea pumzi," alisema. "Siku tatu baba amekuwa anavuta pumzi yake mwenyewe iliyokwisha kutumika. Na mimi niko hapo nje, nasikiliza kwenye pazia kama mgeni."

Tukuswiga aliketi sakafuni na kushika mdomo.

"Baba, nisamehe," Jenista akasema. "Naomba nikushike uso."

Lusubilo alifumba macho. Ilikuwa ajabu, yeye ndiye aliyeona haya. Akahisi vidole vyenye harufu ya sabuni vikigusa michubuko ya pua yake, vikipima upana wa shavu, na akakumbuka kwamba tangu Aliko afe hakuna aliyemgusa uso kwa upole. Jenista alijaribu kwanza barakoa kubwa, sasa vitundu vikiwa wazi. Hewa ilitoka vizuri, lakini ilipofunika mdomo mzee alianza kuhema na kumshika mkono.

"Hapana. Hii mnanifunika kama maiti."

"Basi hii siyo yako." Akaiweka pembeni bila ubishi. Vile vibomba vya puani vilimkwaruza, navyo akaviweka pembeni. Akachukua ile ya pua peke yake. Alimlaza chali, akalegeza mikanda mpaka Tukuswiga akaguna kwamba itadondoka, akawasha mashine. Akaivuta barakoa kidogo kutoka usoni, mpira wake ukajaa hewa, akaiachia itulie yenyewe. "Fumba mdomo, baba. Usipigane nayo."

Hewa ikaingia. Ikatoka. Ikaingia tena, wala hakuna aliyekuwa anamkaba. Lusubilo alivuta pumzi kumi au ishirini namna hiyo, kifua kikashuka, na alipofumbua macho alimkuta mke wa mwanawe anamtazama usoni moja kwa moja.

"Unafanana naye," Jenista alisema. "Sikujua kama mnafanana hivi."

Mzee alivua barakoa. Hakuwa tena na mahali pa kujificha.

"Mama Brenda. Usiku ule Aliko alikuwaje?"

Tukuswiga akainua kichwa. Jenista alizima mashine kwanza, na alipoanza kusema sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma cheti.

"Alikoroma kama siku zote. Nilikuwa nimetoka kazini nimechoka sana, tulizalisha akina mama wanne siku hiyo. Nikamgeuza ubavu mara mbili. Halafu akanyamaza. Nikashukuru, baba. Nikasema leo Mungu amenihurumia, nami nitalala. Nikalala. Pale kikaoni niliposema sikusikia kitu nilisema kweli. Kinachoniuma ni kwamba kule kutosikia kulinifurahisha."

Lusubilo alilia wazi, bila kujifuta. "Daktari aliniuliza kama yupo aliyekufa hivyo. Nikasema hakuna."

"Kwa nini?"

"Ningesema yupo, angenieleza mwanangu alikufa kwa ugonjwa gani. Nilikuwa nimeshaelewa, tangu alipotaja koo."

"Na siku ya kikao?"

"Siku ile sikujua ugonjwa. Lakini nilijua hukumuua. Nilijua vizuri, nikakuacha." Akataka kuinuka, akashindwa. "Nisamehe, mwanangu. Nilikukosea."

Jenista alichukua kitambaa chenye maji, akaifuta ile barakoa ya pua ndani na nje, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Hasira ilikuwa usoni mwake, na mzee aliiona kwa mara ya kwanza kwa macho yake, akaona kwamba anaistahili yote.

"Sadoki naye anakoroma, baba," alisema hatimaye. "Na Brenda wangu naye ameanza. Ungeficha mpaka azikwe nani?"

"Nitampigia daktari. Nitamwambia."

"Mwambie. Na mimi je? Humu ndani tupo watatu. Siku ile walikuwa watu arobaini."

Mzee aliinamisha kichwa. "Jumapili," alisema. "Baada ya ibada nitawaita wote, hapo hapo uani. Na Dina akae mbele. Nitasema kwa mdomo wangu."

Tukuswiga alianza kulia kwa sauti ya chini. Jenista hakumnyamazisha. Alimlaza mzee tena, akamvisha barakoa, akapitisha kidole chini ya kila mkanda kuhakikisha haubani, akawasha mashine.

"Leo ni Alhamisi," alisema. "Utaivaa mchana na utaivaa usiku, hutaivua mpaka niwe nimeingia mwenyewe. Nataka ufike Jumapili ukiwa hai."