Jogoo Aliyepelekwa Cheptais

Kitale wanamwita Daktari. Si daktari, ni mtu wa maabara. Anatoa watu damu, anatazama kwenye hadubini, anaandika majibu. Lakini mtu akikutoa damu bila kukuumiza utamwita daktari tu, na Nelima hakuwahi kumkataza yeyote. Kitale ana koti jeupe, ana nyumba ya vyumba viwili, ana mchumba aitwaye Gathogo, ambaye mama yake ana duka la mbolea na mbegu kule mji mdogo wa Kwanza.

Akifika kwao Myanga, upande wa Bungoma, koti linaisha kazi. Huko anaitwa Firigisi.

Jina lilimpata akiwa na miaka tisa. Siku hiyo watu walikuwa wametoka Cheptais kuja kumposa dada yake mkubwa, Nasimiyu. Kijana aliitwa Hillary, mwalimu, mpole wa sauti, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Mama yao, Edinah, alichinja kuku, akampika, akaenda kupanga viti, akamwacha Nelima alinde sufuria. Nelima alilinda kwa kufunua na kufunika, kufunua na kufunika. Firigisi ilikuwa imepanda juu ya mchuzi. Aliitia mdomoni, akatafuna haraka, na alipomeza ndipo alipokumbuka ilikuwa ya nani.

Kwa Wabukusu, kuku akikosa shingo husamehewa. Akikosa bawa, watu watasema labda paka. Lakini firigisi ndiyo kuku mwenyewe. Mgeni mkubwa akiikuta bakulini anajua amechinjiwa kuku mzima kwa heshima yake. Asipoikuta anajua amepewa makombo. Mzee wa Cheptais, baba yake Hillary, alipekua bakuli kwa kijiko mpaka mchuzi ukamwagika mezani. Hakuiona. Akanawa mikono, akaomba kofia yake. Hillary aligeuka mara moja pale langoni, baba yake akamsukuma mgongoni, wakaenda zao.

Nasimiyu hakuolewa. Sasa amepita arobaini, anaishi na mama yake, anachemsha maji, anakamua ng'ombe. Na Nelima alichapwa siku hiyo, lakini fimbo huisha. Jina halikuisha. Lilimfuata kanisani, lilimfuata shule, lilimngoja likizo arudi. Siku aliyoleta cheti chake cha diploma, baba yake mdogo, Jairus, alikishika juu ya kichwa akapaza sauti: "Firigisi amesoma! Sasa atakula ini!" Mtu mmoja tu katika boma lile ndiye aliyemwita Nelima kila siku, Nelima tu, na huyo ni Nasimiyu.

Basi Gathogo aliposema mama yake anataka kuja Myanga kujua nyumbani kwa msichana, Nelima alipiga simu kwanza.

"Mama, nakuomba kitu kimoja. Wageni wakija, usitoe ile hadithi."

"Hadithi gani?"

"Unaijua."

"Ya firigisi? Ai, si ni ya kucheka tu?"

"Mama."

"Haya, haya. Kwani mimi ni redio?"

Nelima alikuwa na sababu. Mama Gathogo, jina lake Beth, alikuwa mjane aliyelijenga duka lile kwa mikono yake, na alikuwa amemwambia mwanawe mbele ya Nelima, bila kupunguza sauti: "Mimi sitafuti mtu wa kunipikia. Natafuta mtu wa kumwachia ufunguo. Nikiona hafai, nitasema, na wewe utanisikia." Gathogo alicheka. Nelima hakucheka, kwa sababu alikuwa amekwisha kuona kwamba Gathogo humsikia mama yake kweli.

Wageni walifika Jumamosi: Gathogo akiendesha gari, Beth mbele akiwa na kilemba cha kitenge, na nyuma mzee mmoja wa ukoo wa marehemu mumewe, mtu wa maneno machache na meno machache zaidi. Waliombewa, wakasalimiana, wakakaa. Nasimiyu alipita na birika na beseni akiwanawisha mikono, mmoja mmoja, akipiga goti kidogo kama inavyotakiwa. Hakuna aliyemtambulisha. Beth alimpa mikono bila kumtazama, kama mtu anayenawa mferejini.

Chakula kilikwenda vizuri. Beth aliuliza kuhusu shamba, akauliza kuhusu mvua, akamuuliza Nelima jinsi wanavyofunga hesabu kliniki ikifika jioni, akasikiliza jibu na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Nelima aliuona ule mtikiso. Akaanza kupumua.

Bakuli la kuku lilikuwa limewekwa mbele ya yule mzee mgeni, firigisi juu, imekaa kama mfalme. Mzee aliigusa kwa uma. Akaigeuza. Kisha akaiondoa, akaiweka pembeni ya sahani pamoja na mifupa.

"Hii sitaiweza," alisema. "Meno yangu yamestaafu."

Baba mdogo Jairus aliweka ugali chini. "Mzee wangu! Hiyo si nyama ya kutupa hivyo. Hiyo ndiyo sisi tunakuambia karibu."

"Kumbe? Sisi hatuna hayo mambo. Kwetu kuku ni kuku."

Watu wakacheka vizuri, kicheko cha wageni na wenyeji. Nelima alimtazama mama yake. Midomo ya Edinah ilikuwa imebanwa, lakini inatingishika kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Nelima alitikisa kichwa. Edinah alimwona. Akaangalia pembeni, akasema:

"Tena muulizeni huyu bibi harusi wenu habari ya hiyo kitu!"

"Mama," alisema Nelima.

"Si wacha waambiwe, bana, ni watu wa nyumbani sasa!" Jairus alikuwa tayari amesimama. Alivyoisimulia, hukuhitaji kuwapo. Alipekua bakuli kama yule mzee wa Cheptais, akaomba kofia kwa sauti ya pua, akamwigiza Nelima wa miaka tisa, mashavu yamejaa, macho yametoka, akiulizwa na mama yake "Iko wapi?" huku bado anameza. "Tangu siku hiyo," alimaliza, "anaitwa Firigisi. Ukimwita Nelima hapa Myanga, hakuna mtu atakuonyesha nyumba."

Mzee mgeni alicheka mpaka akakohoa. Beth alicheka pia, lakini kidogo, na macho yake yakabaki kwa Nelima.

Ingeishia hapo, Nelima angeimeza kama alivyoimeza miaka ishirini. Lakini Gathogo alipiga paja lake. "Ndiyo maana! Sasa nimeelewa! Mama, unajua huyu hawezi kula nyama mbele ya watu? Anangoja niende sebuleni, anakulia jikoni amesimama. Ukimfumania, anameza bila kutafuna! Macho vile vile!" Akayatoa macho. Akavimbisha mashavu.

Boma zima lilianguka kwa kicheko. Nelima alimtazama yule mwanamume aliyekuwa amemchagua kwa sababu moja kubwa: hakuwa ametoka Myanga.

Beth peke yake hakucheka. Alifuta vidole, kimoja kimoja. "Kwa hivyo tabia haikuisha," alisema. Alisema kwa utani, kama watu wazima wanavyosema jambo la kweli. "Mimi nina stoo yenye mbegu mpaka darini. Itabidi nifunge kufuli mbili." Wakacheka tena. Kisha akauliza, akielekeza kidevu upande wa jikoni: "Na huyo dada anayetunawisha, ndiye aliyeachwa? Kwa ajili ya kipande hicho?"

"Ndiye," alisema Edinah, akifuta machozi ya kicheko.

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

"Mm," alisema Beth. Akamwangalia Nelima, na safari hii hakukuwa na utani hata wa kusingizia. Alikuwa anapima. Hivi ndivyo alivyomtazama siku moja dukani mtu aliyemletea gunia la mahindi mabichi: hakugomba, alisukuma gunia kwa mguu tu, akaingia ndani.

Nelima aliona ufunguo ukienda. Akaona na Gathogo akienda nao, kwa sababu vitu hivyo vilikuwa kwenye pete moja. Akafungua mdomo.

"Mama Gathogo, usidanganywe," alisema, na sauti yake ilikuwa nyepesi, ya kuchekesha, hata yeye alishangaa imetoka wapi. "Dada hakuachwa kwa sababu ya firigisi. Hillary angerudi. Dada alijiharibia mwenyewe."

"Alijiharibia aje?" Jairus alivuta kiti.

Hadithi hii hakuna aliyeijua. Nasimiyu alimpa Nelima peke yake, mwaka ule ule, akimsuka nywele nyuma ya nyumba. Nelima alikuwa analia kwa ajili ya jina, na Nasimiyu alimwambia: nyamaza, wewe ulikuwa mtoto na ulikuwa na njaa, ngoja nikuambie ujinga niliofanya mimi, mtu mzima. Alimpa kama mtu anavyompa mtoto sukari.

"Wiki mbili baadaye," alisema Nelima, "alishika jogoo. Akavaa ile gauni ya posa. Akapanda magari mawili, akamaliza na miguu, mpaka Cheptais, jogoo kwapani. Kwenda kwa kina Hillary! Peke yake! Kuwapikia kuku mwingine mwenye firigisi!"

"Haiwezekani!" Jairus alishika kichwa. Msichana kujipeleka mwenyewe kwa watu waliomkataa, na kuku mkononi. Hata walevi wa Myanga hawakuwahi kutunga jambo kama hilo.

"Ngoja! Akamkuta mama wa Hillary mlangoni. Akapiga magoti. Akasema, 'Mama, hii hapa, naomba mnipe jiko nijaribu tena.' Yule mama akampokea jogoo, akamwambia asante, akaingia, akafunga mlango! Dada akakaa nje anangoja kuitwa. Saa ngapi hizo! Mpaka akasikia harufu. Wanampika! Wakamla! Yeye yuko nje anameza mate!"

Sasa Beth alicheka. Alicheka kwa kifua chote, kilemba kikamteleza, akampiga Edinah begani. "Nijaribu tena! Nijaribu tena!" Yule mzee alilia machozi. Gathogo alijikunja. Na Nelima alihisi kitu kizuri mno kikimpanda mwilini, kama joto la chai baada ya kunyeshewa: walikuwa wanacheka, na hawakuwa wanamcheka yeye. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Nasimiyu alikuwa mlangoni, birika mkono mmoja, beseni mkono mwingine. Alikuwa amekuja kuwanawisha baada ya chakula. Haikujulikana amesimama hapo tangu lini.

Kicheko kilipungua, hakikuisha. Edinah ndiye aliyemkazia macho. "Wewe! Ulijipeleka kwa watu? Na huyo jogoo ndiye yule mwekundu? Nilimtafuta wiki nzima! Mpaka leo sisalimiani na jirani Nangila, nikidhani ni yeye aliyemwiba!"

"Ndiye," alisema Nasimiyu.

"Na ukanyamaza!"

"Nilinyamaza."

Aliingia, akaanza na yule mzee, kisha Beth. Akapiga goti kidogo, akamimina. Beth alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu afike, akabana midomo ili asipasuke, akapasuka. Maji yalimwagikia mapajani. Nasimiyu alingoja atulie, akammiminia tena. Alipofika kwa Nelima, mkono wake ulikuwa imara na maji yalikuwa ya vuguvugu kama ya wengine. Nelima alinawa haraka. Hakuinua macho, kwa hivyo hakuona chochote, na alishukuru.

"Mama Jogoo!" aliita Jairus, kabla hata hajatoka. "Chai iko?"

"Inakuja," alisema Nasimiyu.

Mambo mengine yalikwenda kama maji mteremkoni. Wazee wakakubaliana mwezi wa kurudi. Beth akamwita Nelima binti yangu, mara mbili, na ya pili hakuhitaji kuisema. Jioni, kwa kuwa Nelima alikuwa na zamu kesho yake, walimchukua kwenye gari lao mpaka Kitale. Nasimiyu alikuwa anakamua. Nelima alisema mwambieni nimeenda.

Walipopita Kamukuywa, Beth alitoa simu, akampigia dada yake aliyeko Kwanza, akaiweka kwa sauti. "Nyaguthii, tuko njiani, salama. Ni watu wazuri. Huyu msichana ana mdomo, utampenda! Hebu ngoja akuambie ile ya jogoo." Akainyoosha simu nyuma, katikati ya viti.

Nelima aliipokea. Gathogo alikuwa anamtazama kwenye kioo, tayari anatabasamu, anangoja.

Alianza mwanzo: gauni, magari mawili, jogoo kwapani. Safari hii aliisimulia vizuri zaidi. Alijua mahali pa kunyamaza, alijua Beth angeshika tumbo wapi. Akafika pale mlango ulipofungwa. Kwenye simu, Nyaguthii alikuwa anapiga kelele ya kicheko, anaomba zaidi.

"Halafu," alisema Nelima, "wakamfungulia mbwa."

Hakukuwa na mbwa.

"Mbwa!" alilia Beth, akijipiga magoti. "Hiyo hukutuambia! Hebu sema, alikimbia aje?"

Nelima akawaambia alivyokimbia.