Mrusi Hakuzimika Majini

Watu wakitaka kunipa pole huniambia gari lilikuwa bovu. Si kweli, na nikisikia hivyo nakasirika. Mrusi wetu aliandaliwa na watu watatu wenye akili timamu, kwa saa nzima na zaidi, na sijui kama kuna jeep iliyowahi kuingia mtoni imezibwa vizuri namna ile. Kosa halikuwa kwenye gari. Nitasema lilikuwa wapi, maana mimi nililiona na nikanyamaza.

Ilikuwa Julai mwaka 1968, huku kwetu kusini mwa Iceland, kwenye mashamba yaliyobanwa kati ya barafu na bahari. Daraja lilikuwa bado maneno ya wabunge. Saa nne asubuhi simu ililia mlio wetu, mmoja mrefu na miwili mifupi. Waya ulikuwa mmoja kwa mashamba yote, kwa hiyo nilipoinua mkono wa simu nilisikia pumzi za majirani kabla sijamsikia daktari.

"Oddný, mama yako amebadilika tangu alfajiri," akasema daktari. "Kama baba yako Ketill anataka kumwona mkewe, aje leo. Kesho siahidi."

"Mto umejaa."

"Najua umejaa. Ndiyo maana nakupigia sasa."

"Na jua lenyewe hili!" akadakia Torfhildur wa shamba la chini, ambaye hakuna aliyemwuliza. "Ikifika saa nane hapapitiki. Mwambie baba yako aondoke mapema, mwanangu. Mimi nitawapigia wa ng'ambo waje na farasi wawangoje. Na poleni jamani, poleni sana."

Alikuwa mdaku, lakini alisema kweli. Mto wetu unatoka chini ya barafu. Alfajiri hulala, na jua likipanda barafu huyeyuka, na mto nao hupanda. Tulikuwa tumeshachelewa kabla ya kuanza.

Mama tulimvusha mwezi Machi, mto ukiwa umelala, tukamwacha kitandani kwa daktari akitapika kila alichokula. Baba hakuwa amemwona tangu siku hiyo. Hakuwa mtu wa kusema ana upweke. Jioni alikuwa akikunja blanketi la mama, analikunjua, analikunja tena, na mimi nilikuwa nikitoka nje ili asijue nimeona.

Baba alikuwa mvushaji. Kwa miaka hamsini alivusha posta, wakunga, askofu na majeneza, kwanza kwa farasi na baadaye kwa magari, na hakupoteza hata mbwa. Miaka ya karibuni mama alikuwa akimfuata mtoni kila safari, akisema anapunga upepo. Kwenye maji husema mvushaji peke yake. Tangu gurudumu la kwanza linapolowa hadi la mwisho linapokauka, wengine wote midomo yao imefungwa. Askofu aliwahi kuanza kuomba kwa sauti katikati ya mto, baba akamwambia anyamaze, akanyamaza. Huo si ushirikina. Mto unapiga kelele, na dereva akisikia sauti mbili hukata usukani mara mbili.

Nilimkuta uani, nikamwambia maneno ya daktari. Aligeuza uso upande wa mto. Kisha akasema, "Mleteni Mrusi."

Mrusi ni jeep ya Kirusi ya mwaka 1956, turubai juu, milango ya bati, rangi ya tope hata akiwa msafi. Ndugu yangu Brandur alikuwa akimpenda kuliko alivyowahi kumpenda mwanamke, na wanawake walikuwa wanalijua hilo. Alimsogeza mbele ya zizi, akafungua boneti, tukaanza.

Kwanza mkanda wa feni ulitolewa, maana feni ikizunguka ndani ya maji hujipinda na kuitoboa rejeta. Mbele ya rejeta tukafunga turubai nene. Kabureta tukaipa bomba la mashine ya kukamulia ng'ombe, likapanda hadi juu ya paa ili injini ivute hewa kavu. Ekzosi ikaongezewa paipu iliyosimama nyuma. Difu zote mbili, zile gia za kwenye ekseli, zina tundu la kupumulia, hivyo tukazivalisha mipira myembamba, tukaivuta hadi ndani, nyuma ya viti.

Ikabaki distributa, ile inayogawa umeme kwenye plagi, na hiyo ndiyo roho ya gari la petroli. Tone moja likiingia, umekwisha. Baba aliipaka grisi mpaka haikujulikana ni kitu gani, kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Glovu."

Nilimpa glovu ya mpira ya mama, ile ya kuoshea vyombo, ya rangi ya waridi. Alikata ncha za vidole, akaivika distributa, na kila kidole kikatoa waya mmoja, nne za plagi na mmoja wa koili.

"Vidole vitano, nyaya tano," akasema Brandur. "Mungu alipomuumba mwanadamu alikuwa anaifikiria injini ya Kirusi."

"Mama akiiona glovu yake humo atakupiga nayo," nikasema.

"Basi apone, aje anipige. Nitainama mwenyewe."

Baba alikuwa akifunga uzi kwenye kila kidole, fundo baada ya fundo, akiangalia milimani. Nilidhani anamwaza mama. Mikono yake ilifanya kazi nzuri mno hata sikujiuliza kwa nini haikuhitaji macho.

Tulipokunywa kahawa ya kusimama, haraka, baba alichota sukari akaimwaga mezani, pembeni kabisa ya kikombe, kisha akakoroga. Niliona. Nikaikusanya ile sukari kwa kiganja, nikaitia kwenye kikombe changu, nikajiambia mzee amevurugwa na habari za mama. Huo ndio uongo wa kwanza niliojiambia siku ile.

Brandur naye alikuwa na wazo lake. Kwa kawaida mtoni tulikuwa tukiacha milango wazi, maji yapite ndani, tutoke tumelowa kiunoni. Yeye alitaka kuiziba kwa sufu na mafuta ya kondoo.

"Mzee hawezi kufika kitandani kwa mama akitiririka maji," alisema. "Ana miaka sabini na tisa. Akifika huko anatetemeka meno, mama atafikiri yeye mgonjwa ndiye mzima."

"Gari kavu ni gari jepesi," baba akasema.

"Tutapakia mawe."

"Mengi."

Tulipakia mawe kumi na mawili nyuma, mimi nikakaa juu yake. Baba alivaa koti lake la kanisani, akachana nywele na maji. Kabla ya kupanda aliniuliza kama kola imekaa sawa, nikamwambia imekaa sawa, na kweli ilikuwa imekaa sawa.

Ukingoni tulizima injini, tukangoja nusu saa. Hapo ndipo watu wa mjini wanapotuona wajinga, tunakimbizana na maji kisha tunakaa chini. Lakini difu iliyopashwa moto na barabara ikiingizwa ghafla kwenye maji ya barafu hufyonza maji kupitia sili zake, zile pete za mpira za kuzibia, mpira wa kupumulia hata uwe mrefu vipi. Baba alikuwa akigusa ekseli kila baada ya muda. Mto uliendelea kupanda mbele yetu, mweusi kwa mchanga, na vipande vya barafu vilipita vikigongana. Ng'ambo niliona wanaume watatu na farasi, kama Torfhildur alivyoahidi.

"Imepoa," baba akasema. Akasimama, akaweka mkono juu ya macho, akautazama mto kwa muda mrefu sana. "Haya. Tunaingia."

Mtoto wa kwetu huufahamu mto kabla hajajua kusoma. Maji yenye mikunjo yana mchanga chini yake, karibu. Maji laini yana shimo. Mvushaji hufuata mikunjo, hata kama njia inazunguka. Dereva yeye hatazami maji kamwe, maana ukiyatazama unaona gari linakwenda pembeni na utapotea. Hutazama mkono wa mvushaji na alama ya ng'ambo, basi. Kwa hiyo ndani ya Mrusi watu wawili tu walikuwa wakiyatazama maji, na baba alikuwa mmoja wao.

Nusu ya mto ilikwenda vizuri. Maji yalifika kwenye taa, yakafika kwenye boneti, wimbi likasimama mbele ya turubai, na injini haikukohoa. Ndani palikuwa pakavu. Mkono wa baba ulikuwa mbele, umenyooka, na Brandur aliufuata kwa gia ya kwanza.

Kisha ule mkono ukaenda kulia.

Kushoto kulikuwa na mikunjo, imejipanga vizuri hadi ng'ambo. Kulia maji yalikuwa laini. Neno lilifika kwenye ulimi, "Baba, siyo huko," na nikalimeza. Nilijiambia, miaka hamsini. Nilijiambia, labda anaona kitu nisichokiona mimi. Na ukweli wenyewe ni kwamba niliona haya, mtu mzima wa miaka thelathini na minane, kumsahihisha baba yangu katikati ya mto mbele ya mdogo wangu. Tena nilikumbuka sukari. Ndiyo, niliikumbuka pale pale, na bado nikanyamaza.

Pua ya Mrusi ilizama, kisha ikainuka taratibu. Mtikisiko wa mawe chini ya magurudumu ukaisha. Tulikuwa tunaelea. Mawe kumi na mawili hayakutosha, mto ukaanza kutugeuza kuelekea baharini. Injini iliendelea kunguruma, safi kabisa, na magurudumu yalizunguka ndani ya maji bila kushika kitu.

"Haendi!" Brandur alipiga kelele. "Baba, haendi!"

"Usiachie mafuta," baba akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ya kuomba kisu mezani. "Tumekuwa wepesi. Akikaa chini, kata kushoto, uende moja kwa moja."

Akausukuma mlango kwa bega. Sufu ilimshinda mara ya kwanza. Mara ya pili mlango ulifunguka, mto ukaingia wote, baridi hiyo siwezi kuieleza, ukanifika kifuani. Mrusi akazama, akakaa chini kwa kishindo, magurudumu yakauma. Brandur alikata kushoto akilia. Tulipopanda kwenye mikunjo na maji yakaanza kutoka, kiti cha mbele kilikuwa kitupu na mlango ulikuwa ukipigapiga. Sijui kama alitoka au alichukuliwa.

Tulifika ng'ambo, injini bado inanguruma. Brandur aliruka akakimbia ukingoni akiita, nami nikakimbia nyuma yake. Wale wa farasi walikuwa wameshatangulia kwa mbio kuelekea baharini. Maji yale hayampi mtu dakika kumi. Baada ya saa nzima mmoja wao alirudi, akavua kofia, akasema, "Nendeni kwa mama yenu. Hii kazi tuachieni sisi."

Njiani Brandur alisema, "Tumwambie mama kwamba mzee kabaki na kondoo. Mama anakufa, dada. Mwache afe na amani."

Mimi nilikuwa nimechoka kunyamaza.

Mama alikuwa mdogo kitandani, mdogo kuliko nilivyomwacha. Alitazama nguo zetu zinavyotiririka maji sakafuni, kisha akatazama mlango nyuma yetu, akaendelea kuutazama.

"Mzee yuko na..." Brandur akaanza.

"Mto umemchukua," nikasema. "Alitupeleka kwenye maji laini. Niliona, mama. Niliyaona maji na sikusema neno."

Hakulia. Alifumba macho kwa muda, tukadhani ameondoka.

"Haoni," akasema. "Huu ni mwaka wa tatu. Anaona mwanga na kivuli tu. Mnafikiri nilikuwa namfuata mtoni kutafuta nini, upepo? Nilikuwa namshika kiwiko. Nikiminya mara moja, kushoto. Mara mbili, kulia. Alinilisha kiapo nisimwambie mtu, hasa nyinyi."

"Ungetuambia Machi," Brandur akasema. "Tulipokuleta. Mama, ungetuambia!"

"Ningewaambia. Mto ulikuwa umelala, nikaona muda upo." Akatafuta mkono wangu juu ya shuka, nikampa, ukiwa bado baridi wa mto. "Kwa nini mnafikiri nimekazana hivi na roho yangu tangu alfajiri? Nilikuwa namngoja nimwombe anifungue kiapo. Nilitaka nimwambie nani atamshika kiwiko nikiondoka."

"Nani?" nikauliza, ingawa sikutaka kujua.

"Wewe," mama akasema. "Nilikuchagua wewe, maana katika nyumba yetu wewe ndiye usiyeweza kufunga mdomo."