Wifi Yuko Ghorofani

Mshonaji na mkata nguo walikuwa mawifi, na kwa miaka mingi walikaa meza moja, uso kwa uso. Mmoja anakata, mwenzake anashona, na midomo haipumziki. Tajiri wao hakupendezwa. Alipokodi ghorofa ya juu akampeleka mkataji huko, akatoboa dari, vitambaa vikawa vinashushwa kwa kapu la kamba.

"Hapa kazini, si kibarazani," alisema. "Porojo basi!"

Haukupita muda, mambo yakaharibika. Kapu likashuka na mikono miwili ya kushoto. Mara kola imepinda, mara mguu mmoja wa suruali mfupi. Mshonaji akipaza sauti kwenye tundu, vyerehani vinaimeza. Ngazi ilikuwa nje, inapita mlangoni kwa tajiri, nani angethubutu? Akaishia kumshtakia tajiri mwenyewe, naye akarudi na jibu: "Wifi yako anasema wewe ndiye hujui kushona."

Tangu hapo hawakupikika chungu kimoja, hata siku za mapumziko nyumbani kwa kaka yake mshonaji, mume wa mkataji.

Hospitali iliporudisha sare zote za wauguzi kwa kukatwa vibaya, mkataji akafukuzwa. Mshonaji akapanda ile ngazi kwa mara ya kwanza, masimango yamemjaa kifuani. Akamkuta wifi yake akimalizia kazi ya mwisho, ameinama, pua karibu iguse kitambaa, anapapasa mstari wa chaki kwa vidole.

"Wifi! Kumbe huoni?"

"Ukungu mtupu. Tangu tukiwa chini."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Nikiacha mstari ulikuwa unanisukuma mkono, huku unacheka."

Hakujua. Alikuwa akifanya tu, kama mtu anavyompangusa mwenzake vumbi begani.

Akampigia tajiri magoti. "Turudishe meza moja, bosi. Nitamwangalia mimi."

"Mkataji mpya anaanza kesho," tajiri alisema, macho kwenye simu.

Daktari wa macho naye hakuwapa tumaini: presha ya jicho ilishakula uoni wake, kilichopotea hakirudi. Wangekuja mapema, alisema. Mshonaji akalia pale pale, watu wa foleni wakimtazama.

Wifi yake akamtafuta mkono, akauliza taratibu, "Kesho utakwenda kazini?"

"Nitakwenda," akajibu. "Nyumba zote mbili sasa zinanitazama mimi."