Mkamuaji Mpya wa Targil

Ng'ombe Targil aliinua mguu wa nyuma taratibu, kama mtu anayefikiri kwanza, kisha akaipiga ndoo teke. Ndoo ikabingirika mpaka ukutani, na maziwa ambayo hayakujaa hata kikombe yakamwagika kwenye matope. Saginbek akabaki ameketi chini, kofia ya manyoya imempinda kichwani, tone moja jeupe likimshuka kwenye masharubu.

"Umemfinya," alisema Burmakan, mkewe.

"Sijamfinya."

"Umemfinya. Chuchu haivutwi kama kamba ya kisima. Unabana juu kwa kidole gumba na cha shahada, halafu vingine vinafuata, kimoja kimoja. Hivi." Akamwonyesha hewani. Ng'ombe akamgeuzia shingo, akamtazama kwa macho ya kulalamika.

Juu ya ukuta wa udongo kikachomoza kitambaa chekundu. Alikuwa Kalipa, jirani yao, ambaye tangu aolewe pale hajawahi kukosa tukio.

"Shemeji Sagin! Mbona harusini hamkutualika? Tulisikia Burmakan anakwenda Uingereza, kumbe na wewe umeolewa!"

Saginbek akainuka, akajipangusa matope, akatoka zizini.

Zilikuwa zimebaki siku tisa Burmakan asafiri.

Wakati wa baridi kali, mke na mume walikuwa wamekwenda pamoja mjini Naryn kuomba kazi ya kuchuma stroberi Uingereza, miezi sita. Huko wakaambiwa wainue sanduku, waliweke chini, waliinue tena. Saginbek aliangushwa na farasi miaka saba iliyopita, na mgongo wake ukamsaliti mbele ya watu: aliinama akashindwa kuinuka, kama kisu cha kukunja kilichoshika kutu. Burmakan aliinama na kuinuka mara arobaini, hata hakuhema. Jina la mke likatoka, la mume halikutoka. Walipokuwa wakirudi, mume alisema neno moja tu: "Basi paa litapata bati." Upepo ulikuwa umeliezua nusu, na nusu iliyobaki ilishikwa na mawe na dua.

Tangu siku hiyo Burmakan alifanya kazi za kila siku na za safari kwa mikono ileile. Alikanda unga, akapanga vipande vya samadi kavu vya kuwashia jiko, akashona mfuko wa hati ndani ya nguo zake. Alipokamua alikariri maneno ya Kiingereza aliyoandikiwa na binti yake Meerim, aliyekuwa akisomea uuguzi mji mkuu: iliyoiva, mbichi, polepole, haraka. Katika kijiji kizima hakuna aliyesikia Kiingereza kingi kuliko Targil.

Lakini mama mkwe wake, bibi Zuurakan, alikuwa hajamsemesha tangu viza ilipotoka. Siku kumi na saba. Alipotaka kitu alimwambia paka. "Paka, chumvi imekwisha." "Paka, mwambie mtu afunge mlango." Vidole vyake vilikuwa vimepindwa na baridi yabisi, havikuweza tena kushika chuchu wala sindano, na meno yake yaliyobaki yalikubali vitu viwili tu: chai ya maziwa na mkate uliolowekwa ndani ya malai.

Jioni ya siku ile ya teke, Saginbek alisukuma bakuli lake pembeni. "Nitamuuza Targil."

"Na mama atakunywa nini?" aliuliza Burmakan. "Chai ya rangi?"

"Nitachukua maziwa kwa Kalipa."

"Kwa Kalipa! Yaani kila asubuhi usimame mlangoni kwa Kalipa na birika mkononi? Wewe?"

Saginbek akainamisha kichwa. Burmakan alimtazama kwa muda mrefu. Mwanamume huyu alikuwa amemfundisha kupanda farasi, amemchimbia kisima, na hajawahi kumwinulia mkono. Sasa alikuwa akitazama sakafu.

"Basi sitakwenda," alisema mke. "Kesho nitapiga simu."

Alingoja mume aseme nenda, au aseme baki. Lolote. Mume akaendelea kutazama sakafu, na hilo ndilo lililomuuma.

"Paka," ilisikika sauti ya bibi Zuurakan kutoka karibu na jiko, "mwambie huyu mwanamume kwamba baba yake alikamua miezi minane."

Saginbek akainua kichwa. "Baba alikamua nini?"

"Ng'ombe! Ulitaka akamue nini, jogoo?" Kikongwe akamsukuma paka kutoka mapajani. "Nililazwa mji mkuu kwa kifua. Wewe hata kutambaa ulikuwa hujajua. Unadhani ulikua kwa kunywa nini, theluji? Alikuwa akikamua alfajiri na jioni, amevaa koti langu na kitambaa changu cha kichwa, mlango ameukaza kwa gogo. Nilimkuta hivyo siku niliporudi. Bingwa wa mieleka wa bonde zima, kafunga kitambaa cha maua! Akaniapisha nisimwambie mtu."

"Na hukumwambia mtu?"

"Niliapa. Lakini aliyeniapisha yuko kaburini mwaka wa kumi na moja huu, na kiwele hakimngoji marehemu." Kisha akamgeukia mkwewe, kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na saba. "Na wewe, mwanangu, lete hilo koti lako. Si lile la wageni. Lile linalonuka."

Asubuhi yake wakaingia zizini wote watatu. Bibi akaketi juu ya gogo, akampaka mwanawe siagi vidoleni, akamwacha ndama anyonye kidogo, kisha akaamuru aondolewe. Saginbek alivaa koti la mkewe, mikono ya koti ikimwishia kwenye viwiko, na kitambaa cha mkewe kimefungwa chini ya kidevu. Targil akamnusa. Akaonekana kuridhika nusu. Kisha akamwona Burmakan mlangoni, na chuchu zikakauka.

"Toka wewe," bibi alisema. "Akikuona, hata akisikia sauti yako tu, anabana. Anakungoja."

Burmakan akatoka, akaegemea ukuta kwa nje.

"Zungumza naye," alimsikia bibi akisema. "Ng'ombe si mtungi, umwinamishe tu."

"Niseme nini?"

"Chochote. Anataka sauti, akili hana haja nayo."

Halafu sauti nzito ya Saginbek ikaanza, kwa aibu, kumweleza ng'ombe habari za nyasi: kwamba zimepungua, kwamba mwaka huu mvua ikija mapema zitafika magotini. Akamweleza habari za bati. Na katikati ya bati ukasikika mlio mwembamba ndani ya ndoo. Chwii. Chwii.

Burmakan alicheka, mkono mdomoni. Kisha akagundua kwamba mkono umelowa. Miaka kumi na sita mlio ule ulikuwa ukitoka vidoleni mwake peke yake. Alikuwa ameomba usiku na mchana upatikane mtu wa kuutoa, na sasa amepatikana, moyo wake haukujua uende upande gani.

Siku zilizofuata ndoo ilifika nusu, ikapita nusu. Kalipa alipochomoza tena ukutani, Saginbek hakuvua kitambaa. "Mlete mumeo, shemeji," alimwambia. "Nimfundishe. Ada yangu ni kuku mmoja." Na kitambaa chekundu kikazama nyuma ya ukuta.

Siku ya safari gari lilifika jua likiwa bado nyuma ya mlima. Bibi Zuurakan alimshikia mkwewe mkate mzima, naye Burmakan akang'ata kipande. Uliobaki ungetunzwa, kama ilivyo desturi, mpaka arudi aumalize mwenyewe. Bibi akamshika uso kwa viganja vyote viwili, vile vidole vilivyopinda vikamkwaruza mashavu. "Nenda na mguu mwepesi," alisema. "Na usirudi umekonda, watasema mimi ndiye niliyekunyima."

Dereva akapiga honi. Saginbek hakuonekana.

Burmakan akazunguka nyumba mpaka zizini. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Mume alikuwa amempa mgongo, paji la uso ameliegemeza ubavuni kwa ng'ombe, na maziwa yalikuwa yamefunguka, yakishuka mazito, yakitoa mvuke. Akafungua mdomo amwite, akakumbuka kwamba Targil angebana, akaufunga.

Saginbek hakugeuka. Labda alikuwa amesikia nyayo, labda hakusikia. Aliendelea kuzungumza na Targil, kwa sauti ya chini, bila kukata mdundo.

"Huko kuna mvua nyingi, wanasema. Usikae na soksi mbichi. Mzigo mzito wape wenye nguvu, usijitie ushujaa. Ukichoka, sema umechoka. Mimi nipo. Tupo hapa, tuko sawa. Usihesabu siku, zitakwenda zenyewe. Na mimi, unajua, mimi maneno..."

Mikono ikasimama kidogo. Kisha ikaendelea.

Burmakan alisimama hapo mpaka honi ilipolia mara ya pili. Halafu akageuka, akavuka ua kwa ncha za vidole, akichagua mahali palipobaki theluji laini, ili barafu isije ikavunjika kwa mlio chini ya viatu vyake.