Uchambuzi wa Mapema

Mchambuzi wa siasa wa redio, msemaji kama chiriku, alikuwa na harusi ya shemeji yake siku ileile ya mdahalo wa wagombea urais. Basi asubuhi akarekodi uchambuzi wake kabisa: nani kang'ara, nani kababaika, nani ataingia ikulu.

"Hawa nawajua nje ndani," akamwambia fundi mitambo.

Jioni wagombea wakaogopana, mdahalo ukaahirishwa. Fundi mitambo hakuambiwa; akaurusha uchambuzi vilevile. Mchambuzi aliusikia kwenye redio ya mpishi wa harusi, akapaliwa na soda.

Kisha msikilizaji wa kwanza akapiga simu, kafura kwa hasira.

"Acha uongo, kaka. Mdahalo nimeutazama mwanzo mpaka mwisho. Aliyebabaika ni huyo wako."