Mwangalie Njiani

Nilikuwa nimesimama ng'ambo ya mto, suruali imelowa hadi magotini, mikono yote miwili kwenye usukani, macho mbele. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu, nami nilikuwa nasubiri agonge mara mbili. Ilikuwa saa saba mchana, jua la Juni lile lisilo na joto, na msitu ulikuwa kimya hata nikasikia maji yakidondoka kutoka kwenye spoki. Ndege hakuna. Hata nzi hakuna. Nikawaza, msitu gani huu wa miyombo usio na nzi mchana kweupe?

Sikugeuka. Mimi Felisian, mtu niliyekuwa nageuka hata mtu akipiga chafya sokoni, siku ile sikugeuka.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Baiskeli, kitu ambacho zamani hukipati mpaka uwe na kibali na mjomba ofisini, sasa zilipangwa nje ya maduka ya Sumbawanga zimeviringishwa karatasi, unachagua rangi. Niliuza mahindi ya msimu mzima nikachukua yangu nyeusi. Watu wa kwetu Kizwite wakanitania kwamba nimeoa mke wa pili. Rozina, wa kwanza na wa pekee, alicheka pamoja nao, kisha akaniuliza kama huyo mke mwenzie anajua kusonga ugali.

Lakini mwezi ule wa Juni Rozina hakuwa wa kucheka. Alikuwa na mimba ya tatu, na mbili za mwanzo zilikuwa zimetuachia makaburi mawili madogo nyuma ya nyumba. Uchungu ulimwanza usiku. Kabla hakujapambazuka Debora, jirani yetu mkunga, alimpapasa tumbo akasema mtoto amekaa vibaya, twende hospitali. Rozina akaushika mguu wa kitanda. Hatoki mle ndani, alisema, mpaka mama yake aje. Debora alibembeleza, nikabembeleza, mwishowe nikafoka. Wapi! Basi Debora akanivuta uani akaniambia nimlete huyo mama leo hii, la sivyo nitachimba kaburi la tatu, na pengine la nne pembeni yake.

Kwao Rozina ni bondeni, upande wa Matai. Barabara mpya inazunguka mbali, na malori ya wanunuzi wa mahindi yalikuwa yanapita huko siku yakipenda. Nikashika ya zamani. Tangu daraja lake lichukuliwe na maji hakuna gari lililowahi kuikanyaga tena. Majani yalikuwa yameota katikati, changarawe imebaki kwenye mistari miwili ya magurudumu, inateremka polepole msituni hadi mtoni. Naipenda njia ile, sikufichi, hata leo. Unashuka kilomita nzima hujakanyaga pedeli, changarawe inakwaruza chini ya tairi, na huna wa kumpisha. Asubuhi ile niliipita nikimwomba Mungu kwa sauti.

Saa nne nilikuta mama mkwe, Josefina, amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, kifurushi miguuni, kanga imemfunika uso. Hakuna aliyekuwa ametuma habari. Isdori, kaka yake, aliniambia tangu alfajiri dada yake anasema Rozina anamwita.

Sasa, nikueleze. Sisi mkwe haangaliwi. Mama aliyemzaa mkeo humtazami usoni, humgusi, hamsemezani ana kwa ana. Mkikutana njiani mmoja wenu anaingia porini. Kumpakia kwenye keria, mikono yake kiunoni mwako, hilo ni jambo la kupeleka kwa padre. Lakini Isdori mwenyewe alikuwa na mguu mbovu, baiskeli ilikuwa moja, na Rozina alikuwa mmoja. Tukafunga kiroba cha ulezi wa uji wa mzazi kwenye keria, kiwe ukuta kati yetu. Mama mkwe akaokota kijiwe cheupe pale uani. Akamwambia Isdori, nami nimesimama hatua tatu tu kutoka hapo:

"Mwambie mkwe. Nikigonga mara moja, asimame. Mara mbili, twende."

Isdori akanirudishia neno kwa neno, nami nikamjibu Isdori kwamba nimesikia. Kisha mzee yule akachechemea karibu yangu, akaninong'oneza.

"Kifua kinamsumbua, leo siku ya tatu. Mwangalie njiani."

Mwangalie! Ananiambia mimi, mtu pekee kijiji kizima asiyeruhusiwa kumwangalia. Nikaitikia tu, haraka zangu nazijua.

Tulikwenda vizuri. Kwenye kila kilima alikuwa anagonga kwenye madigadi, bati la juu ya tairi la nyuma, ko, nasimama, anashuka. Nakokota baiskeli, nasikia ndala zake nyuma yangu kwenye changarawe. Juu kabisa keria inalalama, usukani unakuwa mwepesi, kisha ko, ko, twende. Tulifanya hivyo mara nne. Nilikuwa nimemwoa binti yake miaka mitano na hatujawahi kuzungumza kirefu namna ile. Kwenye mteremko mmoja nilimsikia akicheka. Siku hizi nadhani alikuwa anakohoa.

Mtoni aligonga mara moja, akashuka. Nikaingia majini na baiskeli. Maji yalikuwa baridi ya kukata. Nyuma yangu nikasikia miguu ikiyavuka, taratibu, hatua kwa hatua. Nilipotoka nikasimama nimempa mgongo, apate nafasi ya kujikamua kanga. Hapo ndipo ule ukimya ulipoingia. Miguu sikuisikia ikitoka majini. Nilitaka kusema kitu, lakini ningesemaje? Ningemwita nani, na Isdori hayupo wa kupitishia neno? Kichwani nilikuwa namwona Rozina ameshika mguu wa kitanda.

Ko.

Ko.

Nikapanda, nikakanyaga. Baiskeli ilikuwa nzito, naapa.

Kwenye kilima kilichofuata hakugonga. Nikasema amenihurumia nisipoteze muda. Nikakipanda naye hivyohivyo, mapaja yananitetemeka, na uzito haukupungua hata kidogo. Kilima cha pili, kimya. Cha tatu nikavunja mwiko, nikasema bila kugeuka kwamba tunakaribia. Hakujibu, na kwa mkwe kutojibu ndiyo adabu yenyewe. Lakini shingoni nilikuwa nasikia baridi, kana kwamba mtu ameniwekea kitambaa kibichi.

Nilifika Kizwite saa kumi, nikakuta vigelegele. Debora alitoka mlangoni anafuta mikono, akaniambia mtoto wa kike, mzima, mama mzima, kageuka mwenyewe tumboni akatoka. Kisha akatazama nyuma yangu.

"Mama yuko wapi?"

Ndipo nikageuka. Kwenye keria kulikuwa na kiroba cha ulezi.

Rozina ndani alikuwa ananyonyesha. Hakuniacha hata nianze kusema. Alisema mama yake alishafika, saa saba. Aligonga mlango. Debora akaenda kufungua asione mtu, lakini yeye Rozina alijua ni nani, na hofu yote ikamtoka, na hapohapo mtoto akajigeuza. Nikamuuliza aligonga mara ngapi. Swali la ajabu kumuuliza mzazi.

"Mara moja tu," alisema.

Tulirudi wanaume wanne na baiskeli nne, tukafika mtoni jua linazama. Hakuwa amevuka. Alikuwa amekaa ukingo wa kule, ameegemea mti, ndala amezipanga pembeni, kanga imemfunika uso vile mama mkwe anavyojifunika mkwewe akipita. Kanga ile haikuwa na tone la maji. Kijiwe kilikuwa mkononi, amekibana, nasi tukamzika nacho.

Wajomba wa Rozina waliniuliza nikawaambia aligonga mara mbili. Padre nikamwambia mara mbili. Nimeirudia ile ya pili hata ile ya kwanza siwezi tena kuisikia bila yake. Lakini mbali ni mbali. Mtu aliyekaa ng'ambo ile, kijiwe mkononi, madigadi angeyafikiaje? Na kama aligonga mtini, basi aligonga mara moja, yaani simama, na ile nyingine niliiongeza mimi kwa sababu nilikuwa naitaka. Isdori ndiye hakuniuliza habari za kugonga. Tukiwa makaburini alisogea akauliza kitu kimoja:

"Ulimwangalia?"

Nikashika koleo nikaendelea kufukia. Kwa maana yoyote ya neno lile, kumtazama au kumtunza, sikumwangalia.

Mtoto tulimpa jina la bibi yake. Kwa hiyo nilikuwa namwita mama mkwe, na nyumba nzima inacheka, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Nilimpakata, nilimwosha, nilimtazama usoni mpaka Rozina akasema nitamchakaza mtoto kwa macho.

Alipotimiza miaka minne nikampakia kwenye keria ileile kwenda kumsalimia Isdori, kwa njia ya zamani. Habari za kijiwe hatukuwahi kuzisema mbele yake. Njia nzima alikuwa anaimba. Wakati wa kurudi, tulipofika mtoni akanyamaza, kisha nikasikia kwenye madigadi: ko.

Nikasimama. Nikageuka, maana tangu siku ile nageuka. Alikuwa ameshateleza chini, anatembea kuelekea kwenye mti ule, kijiwe mkononi. Sijui alikiokota wapi. Alikaa, akavua viatu, akavipanga pembeni. Nikafanya lile ninalolijua, nikaikamata baiskeli niiingize majini tuondoke mahali pale.

"Baba," akasema, bila haraka, "unakwenda wapi? Sijagonga ya pili."

Nikailaza baiskeli. Nikakaa kwenye changarawe mbele yake, nikamwangalia.