Vitambaa Msumarini

Kila asubuhi, kabla hatujaingia msituni kugema utomvu, nyapara wetu Kibogoyo alitupanga bandani akatukagua kucha, magoti na fizi. Mwenye mkwaruzo alirudishwa nyumbani. Mizizi ya msitu ule ilitembea, tena ilinusa damu upesi kuliko fisi. Tulifungana kamba moja viunoni, na aliyevuja damu humo ndani alikatwa kambani akaachwa, awe mzazi, awe mchumba.

Kisu cha kukatia kilikuwa changu. Nilishakata wawili. Mjane wa mmoja aliponililia, nilimwambia sheria haina shemeji. Nilijisikia kweli kweli.

Siku hiyo Kibogoyo aliongoza, kaka yangu akafuata, mimi nyuma. Kaka ndiye aliyenilea baada ya wazazi kufa.

"Mdogo wangu, umefunga vitambaa mikononi?"

"Nimefunga. Wewe angalia njia, usije ukatuangusha."

Uongo mtupu. Vilikuwa vimelowa, nikaviacha msumarini vikauke.

Adhuhuri, tukirudi na ndoo zimejaa, kaka aliteleza bondeni. Nikaivuta kamba kwa nguvu zangu zote mpaka akasimama. Ndipo nikaona damu kwenye kamba, karibu na mgongo wake. Ardhi ikaanza kunguruma.

"Nani?" Kibogoyo akauliza.

"Kaka."

"Mimi? Sijaumia!"

Wote husema hivyo. Nikakata mbele yake na nyuma yake, nikajifunga kwa Kibogoyo. Kaka alikuwa bado anajipapasa, akitafuta jeraha.

Tulikimbia. Kisu kikawa kinaniteleza mkononi, nikatazama: kiganja kilikuwa kimechunika chote. Nikageuka. Mizizi ilikuwa imempita kaka bila kumgusa, inakuja kwetu.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Niliogopa kufa kama mtoto. Nikauchovya mkono kwenye ndoo ya utomvu kuficha damu, lakini Kibogoyo alishaona kamba.

"Damu mbichi hii. Lete kisu."

Nyuma, kaka alipaza sauti: "Usimkate! Damu ni yangu, nilishika kamba!" Akatoa kisu chake cha kugemea, akajichana kiganja, akakiinua juu tukione. Alikuwa ananitazama mimi.

Mizizi ikageuka.

"Si umemsikia?" nikamwambia Kibogoyo, ngumi nimeifumba.

Kaka aliita jina langu mara mbili. Nikaongeza mbio.

Bandani, vitambaa vyangu vilikuwa msumarini, vimekauka vizuri.